Vioo Tulivyochora Mimi na Mama Yako

Shinyanga, jioni ya kuamkia safari yako

Mwanangu Limi,

Barua za watu wengine huanza kwa kuuliza hali. Ya kwako naijua, maana nakusikia hapo nje ukicheka na shangazi yako Holo, mnabishana kama ile sufuria itaingia kwenye sanduku la bati au haitaingia. Haitaingia. Lakini mwache ajaribu, leo anahitaji kitu cha kushughulisha mikono yake. Mimi nami nimeitafutia mikono yangu kazi, ndiyo maana nimekaa na kalamu.

Sitakuandikia habari ya kula ovyo njiani, wala ya watu wa stesheni ya Tabora. Hayo shangazi yako ameyasema hata ng'ombe zizini wanayajua. Nataka kukuandikia juu ya kazi niliyoifanya na mama yako. Juzi, barua ya chuo ilipofika, uliniambia kwamba huko, pamoja na ukunga, mtafundishwa kusimama mbele ya akina mama na kuwaonyesha picha ukutani kwa mashine mpya ya mkanda, picha moja baada ya nyingine. Ulilisema kwa haraka kama jambo dogo, ukachukua ndoo ukaenda kisimani. Mimi nilibaki nimeshika jembe, sikumbuki tena nililima wapi siku ile.

Hukujua umegusa nini. Kazi ile ilipokwisha ulikuwa bado mdogo, na hapa nyumbani sikuizungumza. Umeniona nikichora vibao vya maduka mjini, ukadhani ndiyo kazi yangu tangu zamani. Siyo.

Nilianzia mgodini, Geita. Sikuwa mtu wa kushuka shimoni. Nilikuwa juu, napaka namba kwenye matoroli na kuchora fuvu na mifupa mahali pa hatari. Siku moja Bwana Afya, Mwingereza mrefu mwenye Kiswahili cha kuokoteza, alisimama akalitazama fuvu langu, kisha akaniuliza kama naweza kuchora ng'ombe. Anamuuliza Msukuma kama anaweza kuchora ng'ombe. Nilimchorea pale pale kwa mkaa, akanichukua nikamfanyie kazi ya taa ya picha.

Taa yenyewe ilikuwa sanduku la bati lenye bomba la moshi juu na mdomo wa kioo kinene mbele. Ndani uliwaka moto wa karabai, ule ule waliovaa wachimbaji kwenye kofia. Picha unaichora kwa wino na rangi nyepesi kwenye kipande cha kioo kinachoenea kiganjani. Unakipitisha kati ya moto na ule mdomo, miguu juu kichwa chini, na picha inakwenda kutua wima kwenye shuka jeupe lililofungwa kati ya miti miwili, kubwa kuliko nyumba. Tulizunguka nayo vijijini. Watu walikaa chini kwenye nyasi, sisi tukaonyesha vioo na kueleza: maji, nzi, homa, namna ya kumlea mtoto.

Onyesho la kwanza la vioo nilivyochora mwenyewe lilikuwa Kagongwa. Ukiisoma hii utakuwa umekwisha kupita Isaka kwa treni; upande wa kulia, ndiko huko. Tulikwenda kueleza ugonjwa wa kuhara unaotoka kwenye maji ya lambo. Nilikuwa na kioo nilichokipenda kupita vyote. Kilikuwa na lambo, na ng'ombe anakunywa, na mtoto anaoga, na mama anachota, na mtu amechuchumaa kichakani, na nzi, na nyumba, na mgonjwa kitandani, na daktari ameshika chupa, na chini yake maandishi. Nilitaka mtu akikiona kioo hicho kimoja awe amejua yote ninayoyajua mimi.

Kilipotua kwenye shuka nilisikia watu wote wakivuta pumzi. Nilifurahi sana. Bwana Afya alieleza, nami nikatafsiri kwa Kisukuma tangu mwanzo hadi mwisho. Kisha akauliza watu wameona nini. Mzee mmoja alisimama akasema ameona ng'ombe mzuri, pembe zake ni kama za ng'ombe wa shemeji yake, ila alama ya sikioni haitambui. Mwingine akasema hapana, ukiangalia nundu, huyo ni ng'ombe wa upande wa Shinyanga. Wakabishana habari ya ng'ombe mpaka karabai ikafifia. Juu ya maji hakuna aliyesema neno.

Nilikuwa nakunja shuka binti mmoja alipokuja kuchukua vigoda vya kwao. Alisimama kidogo, akaniuliza:

"Bwana wa picha, ulitaka tuone nini?"

Nikamjibu kirefu. Nikamweleza lambo, nikamweleza kichaka, nikamweleza nzi. Alinisikiliza kwa adabu hadi nikamaliza.

"Sikuuliza unajua nini," akasema. "Nauliza tuangalie wapi. Macho yangu yamezunguka mle kama kuku aliyetolewa kwenye tenga."

Huyo ndiye mama yako Minza. Alibeba vigoda vyake akaondoka, na mimi nikaondoka na swali lake.

Nilimwambia Bwana Afya kwamba watu wa Kagongwa hawakuelewa, itabidi turudi. Ilikuwa kweli, ingawa haikuwa kweli yote. Tuliporudi nilikwenda mchana nyumbani kwa babu yako na kile kioo mfukoni, nimekifunga kitambaa. Nilisalimia wazee, nikasema nimekuja kuuliza rai juu ya picha. Babu yako alinitazama kama mtu aliyekwisha kujua rai ninayoitaka ni ya nani. Akamwita.

Alikishika kioo akakielekeza juani, mama zake na wadogo zake wamemzunguka. Kisha akafanya jambo ambalo nakuomba ulifanye na wewe kwa kila picha utakayopewa. Aliweka kidole gumba juu ya ng'ombe, akamfunika, akaniuliza, "Huyu asipokuwepo, tutakosa kuelewa?" Nilimtetea sana yule ng'ombe. Nilisema watu wanampenda. Akasema ndiyo, ndiyo maana. Akafunika nyumba. Akafunika daktari. Kila alipofunika kitu aliuliza swali lile lile bila kunicheka, na kila mara nililazimika kusema hapana, hatutakosa. Mwisho alibaki mama mwenye mtungi na maji ya lambo, na pande zote weupe mtupu.

"Hapa naona," akasema.

Mimi weupe ule ulinitia aibu. Niliona kama nimekuwa mvivu, nimepewa shamba nikalima kipande. Ilinichukua muda mrefu kukubali kwamba nafasi ile tupu ndiyo iliyomfanya yule mama aonekane. Hata leo nikichora kibao cha duka mkono wangu unataka kujaza pembe zote. Basi nakumbuka kidole gumba cha mama yako.

Ng'ombe wa mahari walipatikana, wengine kwa taabu, na tukaoana. Bwana Afya aligundua mapema kwamba Minza akieleza picha watu wanasikiliza kuliko mimi nikitafsiri maneno yake yeye Mwingereza, akakubali awe anafuatana nasi. Miaka hiyo ndiyo ninayoirudia nikikaa peke yangu. Tulikwenda kwa lori la afya, na lori lilipokwama tulikwenda kwa miguu, taa imebebwa na punda. Chakula chetu kilikuwa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga. Jioni mimi nilikaa nyuma ya taa kwenye joto la bati, na yeye alisimama kando ya shuka, gizani. Watu hawakumwona. Walisikia sauti tu, haina haraka, kama mtu anayemsimulia mwenzake wanapotwanga. Nami nilisubiri aguse mti wa shuka kwa fimbo yake, nibadilishe kioo.

Tuligombana kwa ajili ya vioo vile kuliko jambo lolote jingine. Alikuwa na desturi ya kwenda kukaa nyuma kabisa pamoja na vikongwe wakati tunajaribu taa, na bibi yeyote akimuuliza "mayu, mama yangu, kile ni nini?" nilijua kesho nachora upya. Ofisi iliponipa rangi nyekundu nzuri niliitia kila mahali, kwenye khanga, kwenye paa, kwenye jua. Akasema picha yangu imevaa kwenda ngomani. Tangu hapo nyekundu nikaiweka mahali pamoja tu, pale tulipotaka watu wapatazame.

Kulikuwa na kioo kilichotusumbua zaidi. Mama amesimama upande wa kushoto, mkubwa, na upande wa kulia hakuna kitu. Minza alikitazama ameinamisha shingo. Akasema kinaanguka. Nikachora mama mwingine upande wa kulia, ukubwa sawa. Sasa hakikuanguka, lakini wale wawili walisimama kama askari wa lango, na jicho halikuwa na safari ya kwenda. Tukakiacha. Msimu wa pamba ukafika, tukaenda kumsaidia babu yako kupeleka mizigo yake kwenye mizani. Tulikuwa kwenye foleni juani, nimechoka, mara mama yako akanivuta shati. Alikuwa anaitazama mizani. Gunia zima la pamba lilining'inia karibu na mshikio, na upande wa pili, mbali kule mwishoni mwa mkono mrefu wa chuma, palikuwa na kijiwe cha chuma kidogo tu, na mkono umetulia sawasawa.

Nilirudi nyumbani nikamfuta yule mama wa pili, nikachora mtungi mdogo mweusi mbali kwenye ukingo wa kulia. Picha ikasimama. Kijana mmoja wa ofisini aliniambia baadaye kwamba jambo hilo lina jina lake kwenye vitabu. Kesho kutwa labda watakufundisha jina hilo. Sisi tuliliita gunia na kijiwe.

Ukazaliwa wewe, mchana wa jua kali, tukakuita Limi. Mama yako akabaki nyumbani kukunyonyesha, na mimi nikaitwa peke yangu kwenda Nyarugusu.

Huko kulikuwa na kambi ya wachimbaji wadogo, watu wa kila kabila, Wasukuma, Wazinza, Wasumbwa, Waha, Waislamu na Wakristo, wote wanaishi kwenye vibanda vya nyasi pembeni mwa mashimo yao. Kuhara kuliingia. Walikuwa wanakunywa maji ya shimo la zamani lililojaa mvua, na watu walikuwa wanakufa. Bwana Afya alikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu hutaka kusema yote kwa mara moja. Aliniagiza vioo vyenye maandishi ya maonyo mengi. Mimi nilijua haifai, Limi. Nilikuwa nimekwisha kufundishwa. Lakini niliona shida ni kubwa, nikafikiri shida kubwa inataka maneno mengi, nikaandika.

Jioni ile watu walikuja wengi, wengine wamechoka hata tope la mashimoni halijakauka miguuni. Niliwapa mgongo, nikaanza kuwasomea maandishi kwenye shuka. Wengi wao hawakujua kusoma, na wachache waliojua walikwisha kusoma mstari mzima mimi nikiwa neno la tatu. Nilisikia wanainuka nyuma yangu. Sikugeuka. Niliona haya kugeuka, nikaendelea kusoma mpaka mwisho. Nilipogeuka walikuwa wamebaki wachache, na mmoja wao alikuwa amelala.

Asubuhi niliwaona wakichota kwenye shimo lile lile. Walizika mtu mchana, kijana wa Buha aliyekuwa amenisaidia kuchimbia miti ya shuka. Sijui kama picha nzuri ingemwokoa, pengine alikuwa ameshaugua kabla sijafika. Nimejiuliza sana, nikaacha kujiuliza, maana jibu halipo. Ila nilipofika nyumbani sikuweza kula. Mama yako aliniuliza nini kimetokea, nikamweleza habari ya kuwapa watu mgongo. Hakunilaumu. Alikufunga mgongoni kwa khanga, akasema, "Twende."

Njia nzima ulilala. Tulipofika tukakaa nje ya kibanda cha msimamizi wa kambi, nikakwangua maandishi yote kwa wembe, tukachora upya. Tulibakiza vioo vichache mno, hata Bwana Afya aliuliza kama vingine vimevunjika. Cha kwanza kilikuwa lile shimo lao lenyewe na ule mti uliokauka pembeni yake, ili kila mtu aseme, ni hapa petu. Kilichofuata kilikuwa mwanamke ameinamia chungu cha maji jikoni, mvuke unapanda. Nilihitaji mtu wa kumwiga, naye alikuwepo. Nilimchora mama yako.

Kwanza nilimchora akiwatazama watu, kwa sababu nilipenda anavyotazama. Akanikataza. Alisema mtu hutazama pale anapotazama mwenzake. Nikimchora anatutazama, watu watamtazama yeye, watajiuliza ni mke wa nani. Nikimchora anatazama chungu, watatazama chungu. Alisema kweli. Nikafuta macho nikayachora yameelekea chini.

Jioni mama yako alisimama kando ya shuka, wewe mgongoni. Aliongea Kiswahili chake chenye Kisukuma ndani, na mzee mmoja wa Kizinza akawa anawarudia watu wake taratibu. Alionyesha shimo, akanyamaza wakalitazama. Kisha akafanya jambo ambalo hatukupanga. Alinionyesha kwa mkono nifunike taa. Pakawa giza. Katika giza lile akataja jina la yule kijana wa Buha, akasema amezikwa hapa juzijuzi, na mama yake huko kwao bado anamsubiri. Halafu akagusa mti, nami nikaleta kile kioo cha chungu.

Mchimbaji mmoja aliuliza kutoka nyuma, "Mama, kuni tutapata wapi? Miti yote imekwisha kuingia mashimoni."

"Hilo hatuna picha yake," mama yako akamjibu. "Kesho tutalitafuta pamoja."

Na kweli kesho yake alikwenda kwa msimamizi, akakaa mlangoni na mtoto mgongoni mpaka akapewa ruhusa watu wachukue vipande vilivyobaki vya magogo ya kuegemezea mashimo. Asubuhi iliyofuata niliona moshi mbele ya vibanda. Si vyote, lakini vingi. Ugonjwa ulipungua. Wengine walisema ni kwa sababu mvua zilikatika. Inawezekana, ila mimi niliuona moshi ule.

Yaliyofuata unayajua kwa kuambiwa. Ulikuwa umeanza kukimbia hapa uani mama yako alipopata uchungu wa mtoto wa pili. Uchungu ulikuwa mrefu, na msaada ulikuwa mbali. Walitutoka wote wawili, yeye na mtoto. Hujapata kuniambia kwa nini umechagua ukunga, nami sijapata kukuuliza. Leo naandika tu kwamba nimeona.

Niliporudi kazini nilipewa mwalimu mmoja awe anaeleza picha. Alikuwa mtu mwema mwenye sauti nzuri. Na vioo vilikuwa vile vile. Kwa hiyo kila kijiji tulichofika, baada ya kioo cha kwanza, niliingiza kioo kingine kwa mkono wangu mwenyewe, na mke wangu akatokea kwenye shuka, mkubwa kuliko nyumba, ameinamia chungu, na sauti iliyotoka gizani haikuwa yake. Watu waliomkumbuka waliuliza yule mama mwenye mtoto yuko wapi. Ningeweza kuchora kioo kingine chenye mwanamke mwingine. Bwana Afya alinipa nafasi ya kufanya hivyo, alikuwa ameelewa. Nilikataa. Nilitaka niendelee kumwona hata kama ni kwa namna ile.

Shangazi yako alikuwa na homa siku moja, sikuwa na wa kukuachia, nikakuchukua. Ilikuwa mwendo mfupi tu kutoka hapa. Ulikaa miguuni pangu nyuma ya taa. Nilikuwa nimesahau, au nilijidanganya kwamba hutamtambua. Kioo kilipotua ulisimama ukapita katikati ya watu ukaenda hadi kwenye shuka. Kivuli chako kikaingia kwenye picha. Uliangalia juu kwa muda, kisha ukarudi kwangu, ukaniuliza kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia:

"Baba, mbona Mama hanitazami?"

Nilifunika taa. Ningeanzaje kukueleza, ng'wanawane, mwanangu, kwamba ni yeye mwenyewe aliyekataza, kwamba alitaka watu watazame chungu?

Siku iliyofuata nilikata kioo kipya nikakaa kumchora akikutazama. Wino ulikuwa mzuri na mwanga wa dirishani ulikuwa mzuri. Paji la uso likaja, mashavu yakaja, hata ule mwanya wa meno yake. Macho hayakuja. Nilichora, nikafuta, nikachora. Nilikuwa nimemchora mara nyingi sana ameangalia chini, kila kioo kilipochakaa nikakinakili upya, hata mkono wangu haukujua tena njia nyingine. Na kichwa changu nacho, nilipoyatafuta macho yake humo, kilinipa kope tu. Mke wangu niliyelala naye kitanda kimoja. Nilikaa na kioo kile mpaka jua likaondoka dirishani, kisha nikakikwangua, na mwisho wa mwezi ule nikamwambia Bwana Afya amtafute mchoraji mwingine.

Ndiyo sababu niliacha kazi. Wewe umekuwa ukiwaambia watu niliacha kwa ajili ya kifua. Kifua kilikuja baadaye.

Watu husema unafanana naye. Mimi naona umefanana zaidi na shangazi yako Holo, hasa ukikasirika, na usimwambie nimeandika hivyo. Kwa hiyo sikusomeshi uende kuwa Minza. Sauti yako ni nyingine, ina haraka, na ukieleza jambo unapenda kulirudia. Utajua mwenyewe pa kupunguza. Mashine yenu ya mkanda haitawaunguza vidole kama taa yetu, na picha zitakuja zimekwisha kuchorwa na watu wa mbali wasiojua lambo likoje. Nyingine zitakuwa zimejazwa kama kile kioo changu cha Kagongwa. Hutakuwa na wembe wa kukwangua. Basi weka kiganja chako mbele ya mwanga, ufunike kwa kivuli kile kisichohitajika, uwaonyeshe kidogo kidogo. Na ukimwona mwanamke amekuja na mimba yake kutoka mbali, amekaa kule nyuma kabisa, nenda ukae naye kwanza uone anachokiona.

Na likikukuta swali ambalo halina picha, usilikimbie. Mimi ningelikimbia. Mama yako alikwenda kukaa mlangoni pa mtu.

Nilitaka kuandika pia juu ya nyumba hii itakavyokuwa kuanzia kesho, lakini naona mkono umekuwa mzito. Nimezoea kusikia ndoo yako asubuhi kabla sijafumbua macho. Nimezoea kukusikia ukiwakemea mbuzi kwa majina. Shangazi yako amesema atakuwa anakuja kulala hapa, nikamwambia hakuna haja, akasema hakuniuliza. Afadhali.

Nimesikia mmefunga sanduku. Sufuria imebaki nje, iko mlangoni, na shangazi yako ananuna. Barua hii nitaiingiza chini ya shuka zako mkiwa jikoni, uikute ukishafika.

Sasa unaniita nije kula. Nimekusikia tangu mara ya kwanza. Nimenyamaza tu ili uniite tena.

Baba yako,
Maganga